Bendera kwenye Njia ya Kasenga

Alhamisi, saa tisa mchana.

Musonda alichovya kidole kwenye bia akachora barabara juu ya meza. Mwanzo wa mstari akaweka kifuniko cha chupa. Kasenga. Mwisho akaweka kingine. Uwanja wa ndege wa Luano. Kisha akagonga katikati kwa ukucha.

"Hapa, mbele ya kufika mu kijiji ya Minga, kuko kona. Pale njo tunabakamata."

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha baa moja ya mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi. Chumba kilinuka mkojo na samaki wa kukaanga. Musonda alikuwa sajini zamani, akafukuzwa kwa kuuza mablanketi ya kikosi chake, na hata blanketi hakujua kuliuza kwa bei nzuri. Kapya alikuwa mnene, mdomo haufungi. Mulenga alibeba bunduki na hakusema kitu, kwa hiyo watu walidhani ana akili. Wa nne ni Mwape, dereva. Yeye aliwadharau wote watatu, na alikuwa amewaletea kazi hii kwa mkono wake mwenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Citoyen Ngosa (citoyen, mwananchi, ndivyo serikali ilivyoamuru kila mtu aitwe), direkta, yaani mkurugenzi, kutoka Kinshasa, alikuwa likizo Kasenga kwa ndugu za mama yake. Ofisi ya Lubumbashi ilimkopesha Peugeot na dereva, kama mtu anavyomkopesha jirani sufuria na kifuniko chake. Kwa wiki tatu Mwape alimwendesha hadi ukingo wa mto Luapula, mpakani, kuwasubiri wavuvi wa upande wa Zambia. Chini ya samaki waliowaleta mlikuwa na zumaridi. Sasa zote zilikuwa ndani ya sanduku moja la ngozi, likizo imekwisha, na kesho direkta na mke wake wanarudi nyumbani. Leo walimtuma Mwape mjini kununua mkate mweupe kwa sababu mama hali mkate wa Kasenga.

"Ndege inaruka saa ngapi?" Musonda aliuliza.

"Saa tano. Direkta anataka kuwa Luano saa nne. Tutatoka Kasenga saa kumi na moja, njia ikiwa kavu tutakuwa hapo kwenye kona kabla ya saa moja."

"Muzuri. Saa moja na robo tumemaliza." Musonda alitabasamu. "Mutu mwenye kukimbilia ndege hana muda ya kulia ku polisi. Na akienda, atasema nini? Eti banamuibia mawe ya magendo?"

"Na bariere yetu ya kusimamisha magari itakuwa ya kweli kabisa," Kapya alisema. "Uniforme ya maaskari tuko nayo. Mapipa tuko nayo. Na bendera. Bila bendera, bariere ni muti tu mu barabara. Mi njo nilifikiri ile."

"Siku moja umefikiri," alisema Mwape. "Tuandike tarehe."

Mulenga alicheka kwa pua.

"Na mimi?" Mwape aliuliza. "Baada ya hapo?"

"We unafungwa kamba pamoja na direkta," Musonda alisema. "Tunakupiga kidogo, hapa na hapa, ili wakuamini. Kisha tunaonana Mokambo, ku mpaka ya Zambia, tunagawa, kila mutu anavuka kivyake."

Kapya alinyoosha mkono akashika kola ya koti la Mwape, akalisugua kitambaa kati ya vidole viwili.

"Koti hii ni ya muzuri. Ikiingia damu, kuisafisha ni kazi."

"Funga kinywa," Musonda alisema.

Mulenga akageukia ukuta. Hapo Mwape alielewa. Mtu anayepigwa kidogo hahitaji mtu wa kulihurumia koti lake. Dereva peke yake ndiye angeweza kuwataja kwa majina, na dereva hakuwa na kiti kwenye Peugeot hiyo ikielekea Mokambo.

Alikunywa bia yake polepole. Angekimbia wapi? Musonda aliujua mlango wa nyumba yake. Angemwambia direkta? Direkta angeuliza kwanza majambazi wameyajuaje mawe. Hakuna aliyebaki wa kuambiwa. Alinunua mkate mweupe, akarudi Kasenga.

Ijumaa, saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Walichelewa, na aliyewachelewesha ni Mama Edith, mke wa direkta. Huko Kinshasa serikali ilikuwa imeyapiga marufuku majina ya kizungu kama hilo; nyumbani mume wake alilitumia tu. Alifungua masanduku yote upya kutafuta kiatu. Akagombana na shemeji zake juu ya kikapu cha samaki wakavu. Direkta alisimama uani ndani ya abakosti yake, lile koti lisilo na tai la watu wa serikali, beji ya chama kifuani, akitazama saa na kupumua kama ng'ombe mgonjwa.

"Edith, ndege haingoji."

"Ndege ya Kinshasa? Itangoja. Rubani pia yuko anatafuta kiatu."

Sanduku la ngozi Mama Edith alilipakata mwenyewe, kiti cha nyuma.

Mwape aliendesha. Vumbi jekundu, mashimo, mbuzi. Alifikiria kuliangusha gari mtaroni. Musonda angekuja na kuwakuta mtaroni. Alifikiria kupita kizuizi bila kusimama, lakini Mulenga, hata kama alikuwa mjinga, risasi alijua kuzielekeza. Njia nyingine haikuwapo. Kuzunguka ni porini, na huko Peugeot haifiki popote.

Saa moja na dakika ishirini na tano.

Alikunja kona. Mapipa mawili, mti umelala juu yake, mlingoti wa mianzi, na bendera imekunjwa chini ya mlingoti. Musonda katika sare ya sajini. Kapya katika sare iliyokataa kufunga vifungo. Mulenga na bunduki.

"Shukeni bote," Musonda alisema. "Kontrole ya mizigo."

Direkta alishuka; Mwape alibaki kwenye usukani. Na hapo hapo, nyuma yao, likaja lori la samaki, watu kama ishirini wamekaa juu ya magunia. Likasimama. Mwape alimwona Musonda akikaza taya. Mbele ya macho ya watu ishirini huwezi kumwua mtu. Unabaki kuwa sajini hadi lori lipite.

Direkta alitazama mlingoti. Akatazama saa yake.

"Citoyen sajini. Saa moja na nusu, saa ya kupandisha bendera nchi nzima. Mbona yenu iko chini?"

Musonda aliitazama bendera kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Ninyi ni watu gani? Mnataka niandike majina yenu? Pandisheni."

Mwizi mwenye akili angecheka, au angepiga risasi, au angetokomea porini. Musonda alisema, "Ndiyo, citoyen direkta." Kapya akaishika kamba. Direkta alianza wimbo wa taifa kwa sauti mbaya, abiria wakashuka kwenye magunia wakauchukua, na lile zoezi la kila asubuhi, lililoingizwa miilini mwao kwa viboko tangu miaka mingi, likawakamata majambazi watatu kama homa. Kapya alivuta kamba taratibu, mkono juu ya mkono. Musonda alipiga saluti. Mulenga aliishusha bunduki kitako chini, akabana mapaja, kidevu juu. Mguu sawa. Wote wakiitazama bendera waliyoileta wenyewe.

Mama Edith hakushuka. Alikuwa bado ndani, sanduku mapajani.

Injini ilikuwa inaunguruma. Mwape peke yake aliangalia chini, kwenye miguu ya Mulenga iliyonyooka. Akatia gia.

Peugeot ilivunja mti, pipa moja likaruka mtaroni. Kwenye kioo aliona vichwa vikitetemeka bila kugeuka. Hakuna aliyethubutu kusogea kabla ya wimbo kwisha. Risasi ya kwanza ilisikika ubeti wa mwisho ulipokamilika, na wakati huo kona nyingine ilikuwa imewaficha.

Zikafuata mbili. Kisha hakuna.

"Mama," alisema Mwape. "Direkta..."

"Endesha."

Aliendesha. Walipita Minga bila kupunguza. Mama Edith alitoa kioo, akapaka poda.

"Ulipunguza mwendo kabla ya kona," alisema. "Kizuizi hakijaonekana, mguu wako tayari uko kwenye breki. Ni rafiki zako?"

Mwape alikwepa shimo.

"Unaitwa Mwape, si ndiyo? Sikiliza, Mwape. Mimi nina ndege saa tano. Ukinifikisha, sikuona kitu. Ulinitoa kwenye mikono ya wezi, nitawaambia hivyo. Mume wangu ameachwa barabarani, atakuja na ndege ya wiki ijayo. Kama bado anahitaji ndege."

Alisema hivyo kama mtu anayeagiza mkate.

Mwape alihesabu haraka. Mwanamke mmoja, barabara tupu, sanduku. Angeweza kusimama popote, kumshusha na kikapu chake cha samaki, kupita mjini na kuvuka Mokambo kabla ya Musonda kupata usafiri. Mawe yote yake. Shingo yake salama. Aliliwaza jambo hilo kilomita baada ya kilomita, na kila alipokuwa karibu kukanyaga breki, sauti ya nyuma ilisema, "Shimo, angalia," au, "Funga kioo, vumbi," naye akaangalia shimo, akafunga kioo.

Njia panda ya Luano ilipofika, mkono wake wenyewe ulikata usukani kuelekea uwanjani.

Saa nne na nusu.

Watu walisukumana mbele ya kaunta. Mama Edith alipita katikati yao, na watu wakampisha. Mwape alimfuata nyuma, sanduku begani, kikapu mkononi. Angeweza kuviweka chini akaondoka. Mlango ulikuwa wazi.

Askari wawili wa uwanja walisimama karibu na mizani. Mama Edith aliwaendea, akawapa mkono, akasema nao kwa sauti ya chini. Alicheka kidogo. Kisha akamwonyesha Mwape kwa kidevu.

"Ni mmoja wa wale wa barabarani. Mume wangu yuko kule, sijui hali yake."

Askari mmoja alitoa pingu.

"Ulisema..." Mwape alianza.

"Nilisema nini?" Hata hakumtazama. Akamgeukia askari aliyekwisha kuushika mkono wa dereva. "Ngoja kwanza, citoyen. Apandishe mzigo."

Askari alimwachia, akasubiri. Mwape aliliteremsha sanduku kutoka begani, akaliweka juu ya mizani, akalisogeza kidogo hadi likakaa vizuri.