Pumzi ya Chaneli ya Nne

Nilikwenda Chumbageni kufuata tarumbeta. Hilo tu ndilo lililonitoa nyumbani jioni ile.

Tarumbeta lilikuwa mali ya usharika. Mume wangu, Yona, alilipuliza miaka kumi na tisa kanisani kwetu. Wiki ya sita ilikuwa imetimia tangu tumzike, na mzee wa kanisa aliniomba, kwa upole, nilirudishe kabla ya ibada ya shukrani ya Jumapili. Lilikuwa kwa Timotheo, mpiga kinanda wa kwaya, mwenye studio ndogo uani kwake.

Jirani yangu Kazija alinishika mkono kabla sijatoka Nguvumali.

"Mama Jenifa, unakwenda kwa yule mpiga kinanda?"

"Ndiyo."

"Basi nenda na maombi yako. Juzi nimepita pale. Nimemsikia mumeo anapuliza."

"Kazija, mume wangu yuko kaburini."

"Mmezika nini, ndugu yangu? Watu wanazika gogo la mgomba, kumbe mtu wao yuko kwa mwingine, anafanyishwa kazi." Akacheka. Akaona sicheki. "Usiniangalie hivyo. Mimi Mpemba, mambo haya tunasingiziwa sisi kila siku. Lakini nilichosikia nimesikia."

Mimi siamini misukule. Nilimwambia hivyo. Lakini njiani nilianza kukumbuka. Miezi yake ya mwisho, kila Alhamisi, Yona aliniaga kwamba anakwenda kujifunza Biblia. Baada ya mazishi mchungaji aliniambia, bila kujua ananiumiza, kwamba Alhamisi hakukuwa na kipindi chochote.

Alikuwa anakwenda wapi?

Giza lilikuwa linaanza kuingia nilipofika uani kwa Timotheo. Mlango wa studio umefungwa. Nikanyoosha mkono nibishe hodi...

Tarumbeta likalia.

Ulikuwa wimbo aliotunga Yona mwenyewe. Nyuma yake zililia fidla nyingi, kama za watu ishirini. Chumba kile hakitoshi watu watano. Nikatega sikio. Matarumbeta yalikuwa manne. Matatu yalikwenda moja kwa moja, bila kituo. La nne lilikata katikati ya mstari, mahali pasipofaa. Likavuta. Likaendelea.

Wenzake walizoea kumtania kwa mkato ule. "Yona anameza mate!" Mapafu yake yalikuwa mabovu. Hakuna mwingine aliyevuta pumzi mahali pale.

Nikasukuma mlango.

Timotheo alikuwa peke yake. Alisimama upesi mno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani anapuliza?"

"Hakuna mtu, mama. Ni kompyuta."

Nikatazama juu ya kabati. Tarumbeta la usharika lilikuwa ndani ya sanduku lake. Vumbi juu ya kifuniko halikuguswa.

Akanieleza, huku wimbo ukianza upya. Kinanda chake hakipeleki sauti kwenye kompyuta. Kinapeleka amri tu. Bonyeza, achia, kwa nguvu, kwa upole. Kila chaneli ina mchezaji wake. Ya kwanza hadi ya nne ni matarumbeta, ya tano hadi ya nane ni makundi ya fidla.

"Wanafanya ninavyoamrisha," akasema.

"Hawachoki?"

"Hawachoki."

"Na hawakatai."

Akanitazama. "Mama, hao si watu."

"Wa nne anahema, Timotheo."

Kisha akafungua droo, akatoa kifaa kidogo chenye mdomo kama wa filimbi, na waya mrefu ulioingia kwenye kompyuta.

"Baba Jenifa alinikataza nisikwambie. Daktari alimzuia tarumbeta, akawa anakuja kwangu kila Alhamisi, anapuliza hapa. Haka hakalii, mama. Kanapeleka nguvu ya pumzi tu, sauti inatolewa na kompyuta. Pumzi kidogo ilimtosha. Alipuliza beti ya kwanza na ya pili. Nimezihifadhi."

Nikakaa kwenye kiti. Kumbe ndizo Alhamisi zake. Nililia, nikamwomba radhi moyoni Yona, na Timotheo pia, kwa yote niliyowadhania.

Kwenye kioo cha kompyuta kila chaneli ilikuwa na taa ya kijani. Ya nne ilipanda Yona alipopuliza, ikashuka alipovuta. Niliitazama kama mtu anavyotazama picha.

Wimbo ukaingia beti ya tatu.

Taa ikapanda. Ikashuka.

Machozi yakanikauka.

Beti ya tatu niliitunga mimi, nikaipeleka kwaya. Siku ya tisa baada ya kumzika.

"Timotheo. Hii beti nani kaiweka?"

"Mimi, mama. Juzi. Kwa kinanda."

"Na pumzi?"

Alishika panya wa kompyuta. Wimbo ukaisha. Fidla zikanyamaza. Taa zote zikazimika...

Isipokuwa ya nne.

Ikapanda. Ikashuka. Bila sauti yoyote. Nililala kando ya kifua kile miaka ishirini na miwili. Niliijua.

Ndipo harufu ikaja. Mafuta ya mkaratusi, yale niliyompaka kifuani kila jioni.

Timotheo akachomoa waya wa kile kifaa. Ukabaki unaning'inia mkononi mwake.

Ikapanda. Ikashuka.

"Mama," akanong'ona, "nizime?"

Nikaomba. Kama Yona alikuwa anafanyishwa kazi humo, nilipaswa kumtoa. Lakini kama hiyo ndiyo pumzi pekee aliyobaki nayo?

"Zima."

"Siwezi, mama. Wallahi siwezi." Mkristo yule, aliapa hivyo.

Nilibonyeza mwenyewe. Kioo kikawa cheusi.

Taa ilikuwa imeshuka. Alikuwa amevuta. Hakuwa ametoa.

Nilirudi nyumbani na tarumbeta, na kila usiku hadi Jumapili nililala macho, kifua kimenibana, nikingoja.

Ibadani tuliimba kwa midomo mitupu. Timotheo hakuleta kinanda, spika hazikuunganishwa. Sanduku la tarumbeta liliwekwa mezani mbele. Kazija alikuja kunisindikiza, akakaa kando yangu na mtandio wake kichwani. Mchungaji akatuomba tusimame kimya dakika moja, kwa ajili ya Yona.

Kanisa likanyamaza.

Kutoka mbele, ndani ya sanduku lililofungwa, ikatoka pumzi. Ndefu. Taratibu. Harufu ya mkaratusi ikatufikia.

Vidole vya Kazija vikaniuma mkononi. "Umesikia?"

"Nimesikia."

Nikafumba macho. Kifua changu kikalegea kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Asante, Bwana, nikasema moyoni. Ameitoa. Sasa amepumzika.

Kisha akavuta tena.