Koti la Bwana Nicolas

Soko la Bunia lilijaa watu asubuhi ile Anselme aliposimama mbele ya samaki wa Honorine. Ilikuwa mwaka 1980, vita vya Uganda vilikuwa vimevusha wengi mpaka kuingia Zaire, Anselme mmoja wao. Kijana alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, kola imechakaa. Akauliza bei kwa Kiingereza.

"Papa, Kiingereza hakipiki samaki," Honorine alimwambia, akikaza kitambaa chake chekundu kichwani. Wauzaji wenzake wakacheka.

Kijana akajibu kwa Kialur, lugha ya kwao Honorine. Kicheko kikahamia upande mwingine.

"Kumbe weye ni ndugu!"

"Ndugu hapana. Uniachie nafasi ya kitu kingine."

Wakapendana. Anselme akapata kazi kwa Madame Brigitte, mjane Mbelgiji aliyekuwa kipofu. Madame alitaka mtu wa kumwandikia barua kwa Kiflama, lugha ya kwao Ubelgiji, na makarani wa mji walijua Kifaransa tu.

"Madame anasema Kiingereza na Kiflama vilitoka tumbo moja," Anselme alimsimulia mpenzi wake. "Ni kweli, sheri. Mkono ni *hand*, kama kwa Kiingereza. Lakini nyumba wanaandika *huis*! Nikikosea, Madame anashika vidole vyangu, anaviongoza kwenye karatasi."

"Vidole vyako! Na munamwandikia nani?"

"Bwana yake, Nicolas."

"Ule alikufa?"

Anselme akaacha kucheka.

Baada ya hapo akaanza kupotea. Jumapili moja ya mvua Honorine akamfuata hadi nyumbani kwa Madame. Kupitia dirisha alimwona mezani, amevaa koti zito la kahawia, pana kupita mabega yake. Madame alikaa kimya, midomo imefungwa. Lakini kalamu ya Anselme ilikuwa inakwenda mbio.

Kwao Honorine, Mahagi, mwanaume akivaa nguo ya marehemu, amekubali kumrithi mjane wake.

Akaingia bila kubisha hodi.

"Anselme! Koti hii ni ya nani?"

"Nilisikia baridi," alijibu bila kuinua kichwa. "Madame alinipa."

"Alikupa, na weye ukavaa? Haujui kama umemuoa?"

"Wazungu hawana desturi hiyo."

"Yeye hana. Na bwana yake, ulimuuliza?"

Madame akageuza macho yake meupe kuelekea mlangoni.

"Nicolas," aliita kwa upole, "nani anapiga kelele?"

Na Anselme akaitika.

Honorine akamfungua vifungo mwenyewe. Ndani koti lilikuwa la moto, kama limevaliwa na watu wawili. Akalitupa chini, akamfunika mabega kwa kitenge chake, akamvuta nje.

Barabarani Anselme alifungua mdomo. Maneno yakamwagika, kwa sauti ya mzee, kwa Kiflama: lugha aliyokuwa ameiandika tu, hajawahi kuisema. Honorine akamziba mdomo.

"Hapana. Sema ya kwako."

Mvua ikawapiga. Anselme alifumba macho, midomo ikihangaika.

"Honorine."

"Bado."

"Twende Mahagi kwa baba yako," alisema kwa Kialur. "Ninataka kukuoa."

Honorine alimtazama machoni muda mrefu, apate kujua nani anaomba.

"Ninakubali," alisema mwishowe. "Lakini weye peke yako."