Soksi ya Rangi ya Chungwa na Kompyuta Iliyozimika

Inatangazwa kwa wanafunzi wote, wazazi na wageni waalikwa kwamba mimi, Tuntufye, ni Mhandisi Mkuu wa Joto na Baridi katika shule yetu ya bweni hapa Tukuyu. Tafadhali simameni. Cheo hicho nilijipa mwenyewe, Jumatatu moja asubuhi, nikiwa nimevaa viatu bila soksi.

Soksi zilikuwa mbichi. Anayeijua Tukuyu ya mwezi wa Machi hatauliza kwa nini. Ukifua Jumamosi, mvua inazikuta kwenye kamba. Ukizianika bwenini, Jumatatu bado zinadondosha maji. Zangu zilikuwa nene kuliko za wote, za sufu ya rangi ya chungwa, alizonifumia bibi yangu wa Mpuguso. Shule nzima hakuna mwingine mwenye soksi kama hizo, wala anayezitamani.

Jumatatu ni zamu yangu ya kufagia ofisi ya Mkuu wa Shule na chumba cha kompyuta. Nikimaliza kufagia, ninafungua kasha la ile kompyuta kubwa na kupangusa vumbi kwa brashi, kama alivyotufundisha Mwalimu Erasto. Ndani kuna prosesa, ndiyo inayofanya mahesabu yote, nayo hupata moto sana. Juu yake kimefungwa kipoza: mnara wa mabati membamba wenye feni ubavuni. Feni ile husukuma joto kwenda nyuma ya kasha, ambako feni nyingine hulitoa nje.

Nyuma ya kasha kuna ukuta tu. Nikajiuliza, kwa unyenyekevu wa wataalamu, kwa nini joto zuri liende kupasha ukuta wakati miguu yangu inaganda? Feni ya kipoza inashikwa na vibanio viwili tu. Nikaibandua, nikaigeuza isukume joto kuja mbele. Feni ya mbele, inayovuta hewa baridi, ilikuwa inanipinga, nikachomoa waya wake. Kisha nikawasha. Hewa ya uvuguvugu ikaanza kutoka, nikatundika soksi moja pale mbele. Ya pili nikaitafutia makazi kwingine.

Wakati wa chai nilikwenda kuichukua, imekauka safi. Feni sikuirudisha. Mvua bado ilikuwa inanyesha, na soksi hufuliwa kila wiki.

Jioni ile Alinanuswe, ninayekaa naye dawati moja, alikuja na kazi yake. Alikuwa anatengeneza filamu kuhusu mnyauko wa migomba, ugonjwa uliolimaliza shamba la mama yake. Ilitakiwa ifike Mbeya kwenye mashindano ya sayansi, na gari la shule lingeondoka Ijumaa saa nane mchana. Picha zote alikuwa nazo. Ilibaki kompyuta iziunganishe ziwe filamu moja, kazi ya nusu saa, na kompyuta nyingine za shule hazikuwa na nguvu ya kuiweza.

Dakika ya kumi, kompyuta ikazimika. Akaiwasha. Ikazimika tena.

"Mhandisi!" Alinanuswe akaniita. "Si unajisifu kila siku? Haya, njoo."

Nikashika kasha, nikaondoa mkono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Palepale nikaelewa. Kurekebisha kungechukua dakika tano, lakini Mwalimu Erasto alikuwa amesimama nyuma yangu, na kufungua kasha mbele yake kulikuwa ni kujikamatisha.

"Inahitaji hewa," nikasema kwa sauti ya daktari.

Jumanne tukafungua madirisha yote. Tukaipandisha kompyuta juu ya matofali. Nikakata jani la mgomba, mimi na Jairo, mwenzetu wa darasani, tukaipepea kwa zamu kama mfalme mgonjwa. Ikazimika. Siku hiyohiyo karani alilalamika kwamba ofisi inanuka kama kondoo aliyelowa, lakini nani alikuwa na nafasi ya kumsikiliza?

Jumatano Mwalimu Erasto akakasirika.

"Alinanuswe, umeweka michezo humu. Umeleta virusi."

"Sijaweka, Mwalimu. Haki ya Mungu."

"Toka. Usiingie tena mpaka fundi aje." Akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni.

Hapo ndipo uhandisi wangu ulipokwisha. Hata ningetaka kurudisha feni kwa siri, nisingeweza. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mwalimu. Alhamisi nilijitolea kufagia chumba kile, akasema ni safi. Nilimfuata hadi mlango wa ofisi yake mara tatu, na mara zote tatu nikaishia kumwomba chaki. Darasani Alinanuswe hakulia. Alikaa tu, anachora mgomba mmoja kwenye daftari, anaufuta, anauchora tena. Hata kumtania sikuweza.

Ijumaa saa sita akaja Prisca, fundi kutoka Ibighi, na begi lake dogo. Mwalimu akatuita sote watatu tumweleze hali ilivyokuwa. Prisca aliwasha kompyuta, akachomoa uzi kwenye sweta lake, akaushika mbele ya kasha. Uzi ukapepea kumwelekea yeye.

"Ajabu," akasema. "Hapa ungetakiwa kuvutwa ndani." Akafungua kasha. "Mwalimu, jikoni kwa mama yako mlango uko mbele na tundu la moshi liko nyuma, si ndiyo? Hewa inaingia huku, moshi unatoka kule. Kipoza kama hiki unaweza kukielekeza juu, kama kasha lina tundu juu. Hili juu limezibwa bati, kwa hiyo njia ni moja, nyuma. Mtu ameigeuza feni yake. Inarudisha joto mlangoni, feni ya nyuma inavuta kwake, joto linazunguka humohumo."

"Imejigeuza yenyewe?" Mwalimu akauliza.

"Feni haina mikono." Prisca akang'oa kitu kwenye wavu wa mbele, akakiinua kwenye mwanga. Nyuzi za sufu. Rangi ya chungwa.

Alinanuswe akaangalia miguu yangu. Jairo akaangalia. Mwalimu Erasto akaangalia mwisho, taratibu.

"Ni mimi, Mwalimu," nikasema. "Nilikuwa nakausha soksi. Alinanuswe hajafanya kosa lolote. Nilijua tangu Jumatatu."

Prisca aligeuza feni, akarudisha waya. Kweli, dakika tano. Saa saba kasorobo filamu ikaanza kuunganishwa, na saa saba na robo ikawa tayari.

"Alinanuswe, nisamehe," Mwalimu akasema. "Nilikulaumu bila kuchunguza." Kisha akanigeukia. "Kugeuza feni ni ujinga wa dakika tano, Tuntufye, ningekucheka. Kosa lako ni zile siku nne. Ulimwona mwenzako anaadhibiwa kwa ajili yako, na neno moja lingemtoa. Ukiharibu, sema siku hiyohiyo, wakati bado ni jambo dogo."

"Nimekuelewa, Mwalimu. Alinanuswe, nisamehe na mimi."

"Nitakusamehe gari likiondoka," akasema. "Na utanifulia soksi muhula mzima, Mhandisi."

Nilikuwa nimefika mlangoni Mwalimu aliponiita.

"Tuntufye. Mtu ana miguu miwili. Soksi nyingine uliikaushia wapi?"

Nikakumbuka maneno yake: siku hiyohiyo, wakati bado ni jambo dogo.

"Ofisini kwa Mkuu wa Shule, Mwalimu. Niliiweka juu ya mashine ya fotokopi ipate joto, ikaangukia ndani."