Mkalimani wa Mashineni

Kila nilipotoka shule nilivua sare, nikala chakula nimesimama, kisha nikaenda mashineni kwa mama. Mama alikuwa msagaji wa nafaka. Kwa miaka kumi na moja alisimama kando ya mashine ile, nyusi nyeupe kwa unga, na kelele zikamla masikio kidogo kidogo. Wateja hawakujua. Mimi nilijua, na nilikuwa nimechoka.

Msagaji hufanya kazi kwa masikio. Nafaka ikikaribia kwisha, mlio wa mashine hupanda, naye huongeza nyingine. Mkanda ukianza kuteleza hulia kama kuku aliyekamatwa, naye huzima upesi. Mama hakuusikia tena mlio wowote kati ya hiyo. Basi nilisimama mbele yake nikimwashiria: kidole, ongeza; ngumi, zima. Mteja akimuuliza jambo, nilijibu mimi. Wakanibandika jina la Mkalimani, wakidhani nina kimbelembele tu.

Nyumbani mama aliitikia kila neno, hata asilolisikia. Kichwa kilimuuma kutwa kwa kukodolea midomo ya watu. Kwa shangazi aliacha kwenda, maana watu wakicheka alidhani wanamcheka yeye. Nilipomsihi aende hospitali, alikataa.

"Tajiri akijua ataweka mtu mwingine," alisema. "Tutakula nini? Nyamaza, mwanangu."

Nikanyamaza.

Wiki ya mitihani mwalimu alituchelewesha darasani. Nilipofika mashineni nilikuta moshi mlangoni na wateja wote nje. Mkanda ulikuwa umelia muda mrefu, wateja nao wakamwita mama, wakaona anawapuuza. Mwishowe ulikatika ukamchapa mkono. Tajiri, mwanamke mwenye mashine ile, alikuwa akimfunga jeraha kwa kanga yake mwenyewe. Alimuuliza kwa nini hakuzima. Mama aliitikia kwa kichwa, akatabasamu, damu ikimtoka.

Tajiri akanigeukia mimi. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, lakini mkono ule ulinishinda.

"Hasikii," nikasema. "Ni mwaka wa pili sasa. Mimi ndiye ninayemsikilizia." Nikalia mbele ya watu wote.

Tajiri alikasirika kweli, ila si kwa jinsi tuliyoogopa. Alisema mashine ni yake, basi na kelele zake ni mzigo wake. Kesho yake alitupeleka hospitali mwenyewe. Daktari alieleza kwamba usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi, lakini kifaa cha kusikia kingemsaidia mama, na usikivu uliobaki ulindwe. Akatufundisha kuzungumza naye uso kwa uso, taratibu, bila kufoka. Kisha akaniambia mimi:

"Binti, ulimpenda mama yako, lakini ulimfichia ugonjwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kutosikia si aibu. Aibu ni kuacha mtu aumie ilhali msaada upo."

Siku hizi mama hupokea na kupima magunia chumba cha mbele, mbali na injini. Msagaji mpya huvaa vikinga masikio. Siku ya kwanza ya kazi hiyo nilipofika, mama alinitazama mdomoni, kisha usoni, akanishika bega.

"Nisichosikia nitauliza mwenyewe," alisema. "Wewe nenda nyumbani ukapumzike."

Nikaenda. Saa kumi alasiri, jua likiwaka, nikalala fofofo.