Siku Simu ya Mama Ilipogoma Kulipa

Mama yangu ni fundi cherehani, na mkono wake ni mzuri. Sisemi hivyo kwa sababu ni mama yangu. Chumba chake cha kazi ni kile cha mbele, kinachotazama barabara. Kina cherehani moja, meza ya kukatia, na pasi ambayo mimi peke yangu ndiye ninayeruhusiwa kuiwasha, kwa sababu mama huisahau. Ukikaa kwenye viti vyetu bila kuangalia, utainuka na uzi mgongoni.

Mafundi wengi hushika pini kwa midomo. Mama naye alikuwa hivyo, mpaka siku alipocheka na pini moja ikataka kushuka kooni. Tangu siku hiyo akabuni njia yake. Alishona kava la simu kwa kitambaa kigumu cha buluu. Ndani ya kava, upande wa mgongo wa simu, akaweka kipande cha bati na sumaku mbili bapa. Simu ikawa inaning'inia shingoni kwa utepe, na pini zikawa zinanata mgongoni mwa kava. Akitaka pini, anachomoa moja. Akimaliza, anairudisha. Wateja walilisifu sana kava lile, na mama alivimba kichwa kidogo, sitamficha.

Mwaka huu shule moja ilimpa kazi ya kushona sare arobaini za kwaya. Mwalimu mkuu wa shule hiyo ni mwanamke wa maneno machache.

"Ukumbi wetu mpya unafunguliwa Jumamosi, saa nne asubuhi," alimwambia mama. "Watoto wataimba. Sare zikifika kwa wakati na zikiwakaa vizuri, nitakupa sare za shule nzima. Zikichelewa, nitamtafuta fundi mwingine. Tusije tukalaumiana."

Shule nzima ni watoto mia sita. Jioni ile mama hakula vizuri kwa furaha.

"Tukiipata hii," aliniambia, "tunaongeza cherehani ya pili. Utaacha kuhangaika na lile gari na mizigo ya watu. Utarudi kukaa hapa, tushone sote."

Mimi nilijifunza kushona nikiwa mdogo, lakini cherehani ni moja na tumbo ni zaidi ya moja. Ndiyo maana ninaendesha gari kuukuu la mizigo tunaloliita Babu, kwa sababu linakohoa kila asubuhi. Kazi ile ya shule niliitaka kuliko hata mama alivyoitaka.

Shule hulipa kupitia benki tu. Kwa hiyo mama akafungua akaunti. Kijana wa benki akaiwekea simu yake huduma ya kulipa kwa kugusa.

"Ukienda dukani," alimwambia, "fungua simu kwa kidole chako, isogeze karibu na mashine ya malipo, basi. Huhitaji noti, huhitaji chenji."

Mama alirudi nyumbani akiwa na hamu. Siku iliyofuata akaenda kwenye duka kubwa la vyakula. Akajaza kikapu mchele, mafuta, sabuni na vitunguu. Kwenye kaunta akasogeza simu kwenye mashine. Kimya. Akasogeza tena. Kimya. Nyuma yake watu walianza kuguna. Mtu mmoja akasema, "Mama, kama hamna kitu si useme tu." Mama akaacha kikapu pale pale, akatoka. Hakumweleza mtu wa kaunta chochote, wala hakuuliza.

"Simu hii imenivua nguo mbele za watu," aliniambia. "Sijaribu tena. Pesa yangu ni ya kushika mkononi."

Nami sikuwa na la kumsaidia. Simu yangu ni ile ya vitufe yenye tochi. Kazi yake ni kupiga, kupokea na kumulika.

Jumamosi ikafika. Saa tatu kasoro robo tulikuwa tumemaliza kupakia sare zote arobaini ndani ya Babu, kila moja imepigwa pasi na kufunikwa. Shule iko mwendo wa dakika ishirini tu. Mama alivaa gauni lake zuri, na simu ikiwa shingoni pamoja na pini zake, kwa sababu fundi haendi kwa mteja bila pini. Niliimba njiani.

Mshale wa mafuta wa Babu uliharibika zamani. Mimi hukisia. Siku ile nilikisia vibaya. Babu alikohoa mara tatu, akanyamaza mbele kabisa ya kituo cha mafuta. Tulishuka, tukamsukuma mpaka kwenye pampu. Mama na gauni lake zuri akisukuma, na saa tatu imeshagonga.

Mhudumu wa pampu alikuwa dada mmoja mwenye kofia nyekundu. Mama akafungua pochi haraka na kutoa noti.

"Samahani, mama," yule dada alisema. "Hapa hatupokei noti. Tulivamiwa na wezi mara mbili, mwenye kituo akasema basi. Ni kadi au simu, na unalipa kabla sijaweka mafuta."

Mama aliniangalia. Mimi niliangalia chini.

"Simu yako haina huduma ya kugusa?" dada wa pampu alimuuliza.

"Inayo," mama alijibu. "Ila ina kiburi."

Akaisogeza kwenye mashine. Kimya. Akaibonyeza kwa nguvu, kama anayeua mbu. Kimya. Mara ya tatu, kimya. Nyuma yetu dereva wa gari jeupe akapiga honi ndefu. Mama aligeuka kuitazama ile honi, na nikajua anakumbuka kile kikapu.

"Twende kituo kingine tukachukue mafuta kwenye chupa," aliniambia kwa sauti ndogo.

"Mama, hakuna kituo kingine hapa karibu," nilisema. "Tukiondoka kwa miguu, tumechelewa. Kazi ya shule imekwisha habari yake."

Mama akasimama. Halafu akafanya jambo ambalo hakulifanya siku ile dukani. Alimgeukia dada wa pampu akasema, "Mwanangu, mimi sijui hii kitu. Nionyeshe."

"Hiyo tu ndiyo niliyokuwa naisubiri," yule dada alisema. Akamwonyesha dereva wa gari jeupe pampu ya pili, kisha akarudi. Mama alikuwa ameshavua simu shingoni ili ampe.

"Hapana, mama. Ishike mwenyewe. Simu ya kulipia haitoki mkononi mwako, na namba yako ya siri humwambii mtu."

"Lakini wewe si mhudumu?"

"Mimi nina kofia tu. Hata mwizi anaweza kununua kofia."

Mama alicheka.

"Haya," dada wa pampu alisema. "Kioo kimewaka? Umefungua kwa kidole?"

"Nimefungua."

"Huduma ya kugusa imewashwa? Angalia alama ile pale juu. Naam, imewashwa. Sasa geuza simu, nione mgongo wake. Mama, hizi ni nini?"

"Pini."

"Zimeshikwa na nini?"

"Sumaku," mama alisema, na hata katika shida ile alijivuna. "Na kipande cha bati. Nimebuni mwenyewe."

Yule dada alicheka mpaka akashika pampu.

"Mama, umeivalisha simu bati! Haina kiburi, imezibwa tu. Sikiliza. Mgongoni mwa simu kuna kitu kidogo kinachoongea na mashine bila waya. Nguvu yake ni ndogo sana, inafika upana wa vidole viwili au vitatu. Bati likikaa katikati, hawasikilizani. Litoe hilo kava."

Mama alilitazama kava lake la buluu. Nilijua lilivyo moyoni mwake. Kisha akalivua, akanipa. Tangu siku ile pini zinakaa kwenye kimto anachojifunga mkononi, na simu ina kava la kitambaa kitupu.

"Ngoja kwanza," mama alisema. "Nimegusa mara tatu. Kama imekata mara tatu je?"

"Fungua meseji. Kuna ya benki?"

"Hakuna."

"Basi hakuna kilichotoka. Malipo yakipita, mashine inalia, taa ya kijani inawaka, na meseji inakuja. Ukiona kimya, usibonyeze kwa nguvu. Tazama kwanza meseji zako, ndipo ujaribu tena."

"Na mtu akipita karibu na mfuko wangu na mashine yake?"

"Simu kama yako ikiwa imefungwa, haitoi pesa. Ni mpaka uifungue kwa kidole chako. Ikipotea, pigia benki hapo hapo, waifunge huduma. Namba ya benki usiiweke kwenye simu hiyo peke yake."

"Nisomee, mama, niiweke na kwangu," nilisema, na simu yangu ya tochi ikapata kazi ya nne.

Dada wa pampu akaandika kiasi kwenye mashine. Hakumpa mama aguse. Alimgeuzia kioo cha mashine.

"Soma kwanza, mama. Hili usilisahau hata siku moja. Soma kiasi kabla ya kugusa. Ukishagusa, umekubali."

Mama akasoma kwa sauti. Kiasi kilikuwa sawa. Akafungua simu kwa kidole, akaisogeza taratibu, bila kubonyeza.

Ti. Taa ya kijani.

Meseji ikaingia palepale. Mama aliitazama simu, akanitazama mimi, akamtazama dada wa pampu.

"Basi?"

"Basi, mama."

"Yaani hivyo tu?"

"Hivyo tu. Sasa nipishe niweke mafuta, mna haraka nyie."

Mama alimkumbatia na kofia yake. Nilikuwa nimefurahi mpaka nikasahau kufunga mfuniko wa tangi, na dada wa pampu ndiye aliyetukimbilia kuufunga.

Tulifika shuleni saa tatu na dakika arobaini. Watoto walikuwa wamejipanga nje ya ukumbi wakiwa na nguo za nyumbani, na mwalimu mkuu alikuwa akitazama saa. Alinyoosha kidole tu kuelekea darasa la kubadilishia nguo. Tukaanza kugawa sare, mama huku na mimi kule.

Thelathini na tisa zilikaa sawasawa. Ya arobaini ilikuwa ya msichana anayeanzisha wimbo. Alikuwa ameumwa wiki tatu, akakonda. Alipoachia sketi, ilishuka mpaka magotini. Watoto wakacheka, naye akataka kulia. Pini zetu za kushonea zingemchoma akivuta pumzi ya kuimba.

"Pini za kufungia nepi," mama alisema. "Zile zenye kifuniko. Duka liko wapi?"

Kulikuwa na duka moja la vyakula ng'ambo ya barabara. Zilibaki dakika tisa. Nilitaka kwenda mimi, lakini mama alikuwa ameshatoka mbio na gauni lake zuri, nami nikamfuata nyuma. Alichukua pakiti moja kwenye rafu ya vitu vya watoto wachanga. Kwenye kaunta ya pesa taslimu kulikuwa na foleni, na mtu wa mbele alikuwa akisubiri chenji. Kwenye kaunta ya simu na kadi hakukuwa na mtu. Mama hakunitazama hata kidogo. Akaenda kule.

Mtu wa kaunta akaandika kiasi, akasogeza mashine. Mama alishafungua simu. Mkono ukaenda, kisha ukasimama hewani.

"Mwanangu, soma tena hapo. Mimi nina pakiti moja. Umeandika kumi."

Mtu wa kaunta akasoma, akashika kichwa.

"Nisamehe, mama. Kidole kimeteleza."

Akafuta, akaandika upya. Mama akasoma kiasi, akagusa. Ti. Akasoma meseji huku anatembea, na barabara akaivuka akiwa ameinua ile pakiti juu kama mshindi wa mbio. Sijawahi kumwona na furaha namna ile hata kwenye harusi.

Alipiga goti mbele ya yule msichana, akakunja kiuno cha sketi mara mbili, akafunga pini nne kwa ndani.

"Vuta pumzi," alimwambia. "Mpaka mwisho. Inakuchoma?"

"Hapana, bibi."

"Basi nenda ukaimbe."

Saa nne kamili mlango wa ukumbi ulifunguliwa. Watoto arobaini waliingia wakiwa wamevaa kazi ya mikono ya mama, na msichana yule akaanzisha wimbo bila kushika sketi yake. Tulisimama nyuma kabisa, karibu na ukuta, tukitokwa na jasho. Mama aliniminya mkono mpaka ukaniuma, nami sikuuondoa.

Wimbo ulipokwisha, mwalimu mkuu alikuja taratibu mpaka tulipokuwa. Alitazama viti vilivyojaa wanafunzi wengine, darasa kwa darasa, wakiwa na sare za zamani zilizopauka.

"Unawaona hawa wote?" alimuuliza mama.

"Ninawaona, mwalimu."

"Jumatatu uje na tepu ya kupimia. Uanze na darasa la kwanza."

Akaondoka kwenda kuwapokea wageni wake. Mama akanigeukia, macho yamejaa machozi, na sauti yake ilikuwa ya fundi anayetoa amri.

"Umesikia? Mtafutie Babu dereva mwingine. Wewe nakuhitaji kwenye cherehani."