Unga Mweupe Kwenye Kidole

Mume wangu ni dobi. Baba yake naye alikuwa dobi. Nyumbani kwetu kila kitu kinanuka sabuni, hata mkate. Mimi nilikuwa mshonaji nilipoolewa, lakini siku hizi kazi yangu ni kukunja. Nipe shuka, nifunge macho, nitalikunja kabla hujamaliza kunisalimia.

Kazi yetu kubwa ni mashuka ya wodi ya wazazi katika hospitali ya hapa mjini. Tunachukua machafu, tunayachemsha, tunayafua, tunayaanika na kuyapiga pasi. Masafi yanatakiwa yafike mlangoni mwa wodi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Si saa moja. Saa kumi na mbili na nusu.

Kwa kazi hiyo tuna gari. Ni gari la zamani, jeupe, lenye nafasi kubwa nyuma. Mume wangu amelipa jina la Bibi Harusi. Analipenda kupita kiasi. Siku moja nilimwambia, "Baba watoto, ungekuwa unaniangalia mimi hivyo, ningerudi kuwa msichana."

Alicheka, kisha akachukua ndoo.

Kila Jumamosi, jua likiwa kali, alilitoa gari uani na kuliweka katikati ya jua. Alisema hapo litakauka upesi. Alitia kwenye ndoo sabuni ya unga, ileile ya mashuka, viganja viwili vimejaa. Alichukua brashi ya kusugulia kola. Basi hapo ni kusugua, kusugua, mpaka jasho linamtoka. Akimaliza nje, alifungua boneti na kuimwagia injini maji kwa mpira.

"Hata ndani ya kola panafuliwa," alikuwa akisema.

Ng'ambo ya barabara anakaa mwanamke mmoja, fundi wa umeme wa magari. Watu wanamwita Cheche. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi magari, kwa hiyo alikua kati ya makopo ya rangi na betri. Jumamosi moja alisimama kwenye geti letu akamtazama mume wangu kwa muda.

"Shemeji," alisema, "hilo ni gari, siyo shuka."

"Dada, wewe shika waya zako," mume wangu akamjibu. "Mambo ya uchafu niachie mimi."

Cheche aliinua mabega akaenda zake. Mimi nilitamani kumwita arudi, lakini niliendelea kukunja. Namjua mume wangu. Kichwa chake akishakifunga, ufunguo hata yeye mwenyewe hajui alikouweka.

Miezi ikapita. Bibi Harusi akaanza kupauka. Weupe wake ukawa kama wa chaki. Siku moja nilipitisha kidole kwenye boneti. Kidole kikatoka na unga mweupe. Nikamwonyesha mume wangu.

Alikunja uso. "Hiyo ni sabuni. Haijasuuzwa vizuri."

Akalisuuza. Jumamosi iliyofuata akapitisha kidole. Unga ulikuwapo tena. "Sabuni bado imeng'ang'ania," akasema. Akalisugua zaidi, akalisuuza mara tatu. Unga haukuisha. Kadiri alivyosugua, ndivyo ulivyozidi kutoka.

Kisha akaona unga mwingine mweupe ndani ya boneti. Huu ulikuwa umeganda kwenye vichwa vya betri, pale nyaya nene zinapofungwa.

"Unaona?" aliniita. "Sabuni imefika mpaka huku!"

Aliukwangua kwa vidole, akamwaga maji juu ya betri. Vidole vilimwasha mpaka jioni. Nilimwona akijikuna kwa siri.

Siku chache baadaye taa za gari zilizimika. Fyuzi ilikuwa imeungua. Fyuzi ni kile kidude kidogo ambacho umeme wa gari unapitia. Mume wangu hakwenda kununua nyingine. Alikata kipande chembamba cha waya wa kuanikia nguo, akakizungusha kwenye ile fyuzi iliyoungua, akairudisha. Taa zikawaka. Alinitazama kwa fahari na mimi, jamani, nikampigia makofi.

Jumanne moja asubuhi tulipakia mashuka mapema. Mume wangu akageuza ufunguo. Gari likasema "tik". Akageuza tena. "Tik." Tuliita majirani wakalisukuma mpaka mwisho wa barabara. Halikuwaka. Mwishowe tulikodi mkokoteni.

Tulifika wodini saa mbili na dakika ishirini.

Siku ile sitaisahau. Kwenye kitanda cha tatu alilala mama aliyejifungua alfajiri. Alikuwa amelala juu ya godoro la plastiki, bila shuka, na mtoto amemfunika kwa gauni lake mwenyewe. Alinitazama, kisha akaona furushi nililobeba. Alisogea tu, ili nimtandikie. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumwambia hongera.

Sista mkuu wa wodi alinisubiri mlangoni pamoja na mume wangu.

"Mmetufanyia kazi miaka tisa," alisema. "Mashuka yenu ni mazuri. Lakini wanawake hawawezi kuuahirisha uchungu kwa sababu ya gari lenu. Mkichelewa tena mara moja, nitatafuta dobi mwingine. Na nitasikitika."

"Hatutachelewa, Sista," mume wangu alisema.

Tulipofika nyumbani, fundi mmoja wa kupita alilisaidia gari likawaka kwa betri ya kuazima. Na mume wangu alifanya nini? Aliliosha. Siku ya Jumanne! Nilimtazama kupitia dirishani. Alisugua kama mtu anayeomba msamaha.

Kwa siku chache gari lilikuwa likiwaka kwa kusuasua. Jumapili jioni, kabla ya jua kuzama, tulipakia mashuka ya kesho yake. Mume wangu akawasha gari kulijaribu. Akawasha na taa.

Nilisikia harufu kwanza. Ilikuwa harufu ya plastiki inayoungua. Kisha nikaona moshi ukitoka chini ya usukani.

"Toka!" nilipiga kelele. "Baba watoto, toka!"

Yeye alitoka, mimi nikaingia nyuma. Najua, ni ujinga. Lakini nilikuwa namwona yule mama wa kitanda cha tatu. Nilivuta mafurushi nikayatupa chini uani, moja baada ya jingine.

Cheche alikuwa amekwisha sikia. Alivuka barabara mbio, akazima taa, akazima gari. Alifungua boneti, akalegeza waya mmoja wa betri na kuuchomoa. Moshi ukapungua, ukaisha.

"Mama," aliniambia huku akihema, "mashuka yanafuliwa tena. Wewe je?"

Nilikaa chini juu ya furushi.

Cheche aliinama chini ya usukani kwa tochi. Akatoka na ile fyuzi yenye waya wa kuanikia nguo. Aliiweka kwenye kiganja cha mume wangu.

"Shemeji, unajua kazi ya fyuzi?"

"Kupitisha umeme."

"Na kukata umeme. Umeme ukizidi, fyuzi inaungua yenyewe ili gari lisiungue. Wewe umeizuia isiungue. Basi zikaungua nyaya." Alimwonyesha namba iliyoandikwa juu ya fyuzi nyingine. "Iliyoungua ilikuwa ya kumi na tano. Basi weka ya kumi na tano, si ya thelathini, wala waya. Ikiungua tena, usiibadilishe tu. Tafuta kwa nini inaungua."

"Na kwa nini iliungua?"

Cheche akafungua taa ya mbele. Maji yakamwagika kutoka ndani, yakiwa na povu. Soketi ya taa ilikuwa imejaa kutu.

"Huu mpira wako," alisema. "Injini haimwagiwi maji hivyo. Maji yanaingia kwenye soketi na kwenye altaneta, ile mashine inayochaji betri. Injini ifute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ikiwa imepoa."

Kisha akatuonyesha betri. Unga mweupe ulikuwa umerudi.

"Ni sabuni," mume wangu akasema. Safari hii aliuliza zaidi kuliko kusema.

"Siyo sabuni. Ni asidi ya betri imekula chuma. Unga huu unazuia umeme usipite. Ndiyo maana Jumanne gari lilikataa. Na usiushike kwa mkono mtupu."

Mume wangu alificha vidole nyuma. Nilikaribia kucheka.

Cheche alivaa glovu. Alitueleza huku akifanya, nami nilishika kila neno. Gari lizimwe. Waya wa hasi, wenye alama ya kutoa, ndio unaofunguliwa kwanza. Wa chanya, wenye alama ya kujumlisha, unafuata. Alichanganya magadi soda na maji ya vuguvugu, akasugua vichwa vya betri kwa mswaki wa zamani. Povu likapanda, likatulia. Akafuta, akakausha kabisa. Alirudisha waya wa chanya kwanza na wa hasi mwisho, akaukaza kila mmoja mpaka usicheze. Juu yake akapaka grisi kidogo.

"Angalieni hapa kila mwezi," alisema. "Ni kazi ya dakika chache."

Mume wangu alipitisha kidole kwenye boneti. Akautazama unga uliobaki kidoleni.

"Na huu je?" aliuliza polepole. "Huu nao ni asidi?"

Cheche alimtazama kwa huruma. "Hapana, shemeji. Hiyo ni rangi."

"Rangi?"

"Rangi ya gari. Imekufa juu, na wewe unaisugua. Kila Jumamosi ulikuwa unaiondoa kidogo kidogo."

Mwaka mzima mume wangu alikuwa anajaribu kulisafisha gari alilolipenda, na kumbe alikuwa analimaliza. Nilimhurumia sana. Nilitaka kumshika mkono, lakini mkono wenyewe ulikuwa umeinuliwa mbele ya macho yake, na kile kidole cheupe.

Cheche alivuta mkono wa sweta lake. Ni sweta jekundu la sufu, alilorithi kwa baba yake. Mume wangu humfulia kila mwezi.

"Hili lina miaka ishirini," alisema. "Bado ni jekundu. Unalifuaje?"

"Kwa maji baridi."

"Sabuni gani?"

"Sabuni laini. Ya unga ni kali, italila."

"Na brashi?"

"Brashi kwenye sufu? Dada, una wazimu? Nalikamua kwa taulo taratibu."

"Unalianika juani?"

"Hapana, kivulini. Jua linakula ra..."

Alilitazama gari. Akalitazama sweta. Kisha akakaa juu ya furushi karibu nami na kushika tama.

"Kumbe nilikuwa najua," alisema.

Cheche alibadilisha nyaya zilizoungua na soketi ya taa, akaweka fyuzi mpya. Sisi tulirudi kufua upya na kupiga pasi mashuka yaliyochafuka. Alipokataa malipo ya kazi yake, mume wangu alimwambia sweta litafuliwa bure mpaka lizeeke. "Basi nitakula hasara," Cheche akasema. "Kwa mikono yako halizeeki."

Asubuhi yake nilishika mlango wa gari nikiomba kimoyomoyo. Mume wangu aligeuza ufunguo. Bibi Harusi akawaka mara moja. Saa kumi na mbili na dakika ishirini tulikuwa wodini.

Tangu siku hiyo Jumamosi zetu zimebadilika. Gari linaoshwa kivulini, bodi likiwa limepoa. Kwanza mume wangu analimwagia maji ili vumbi na mchanga vitoke, maana mchanga ukisuguliwa unakwaruza. Ana ndoo mbili, moja ya sabuni ya magari na moja ya kusuuzia sponji. Anaanza juu, anashuka chini. Halisubiri likauke lenyewe. Analifuta kwa taulo laini. Ndege wakilichafua, anapafuta siku hiyohiyo kwa maji, kwa sababu kinyesi chao kinakula rangi.

Cheche alituletea dawa ya kung'arisha. Tuliipaka mara moja, kwa kitambaa laini, ili kuiondoa ile rangi iliyokufa. Chini yake weupe ulikuwa bado upo. Kisha tukapaka nta ya magari, ili kuukinga na jua na maji. Nta tunairudia kila baada ya miezi mitatu. Kwenye paa rangi ilikuwa imekwisha kabisa, na hapo itabidi ipakwe upya. Mume wangu hapendi tuzungumzie paa.

Juzi tulifika wodini saa kumi na mbili na robo. Mimi niliingia kutandika. Kitanda cha tatu kilikuwa na mama mwingine, anapumua kwa haraka, bado hajajifungua. Shuka lake lilikuwa tayari limetandikwa. Nilimnyooshea mto, naye akanishika mkono kwa nguvu mpaka uchungu ukapita.

Nilipotoka, Sista mkuu alikuwa uwanjani na mume wangu.

"Siku hizi mnafika kabla yangu," alisema. "Mmenunua gari jingine?"

"Hapana, Sista. Ni lilelile."

"Lilelile? Mbona linang'aa? Umelifua na nini?"

Mume wangu alipitisha kidole kwenye boneti, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akakiinua amwonyeshe. Kidole kilikuwa kisafi.

"Nimeacha kulifua," alisema.