Mwenza wa Ligi Ngumu

Jumamosi hiyo duka la Mzee Abdulhussein, pale Bondeni, lilijaa watu hadi mlangoni. Huyu ataka feni, yule ataka waya, na mama mmoja alikuwa akirudisha pasi kwa mara ya pili, akidai inaunguza nguo za mumewe tu. Katikati ya msukumano huo alisimama Nasiha, mwalimu wa hisabati, buibui lake limetariziwa maua ya samawati mikononi, miwani ikimteleza puani kwa jasho.

"Baba, nataka pedi," alisema.

Mzee Abdulhussein alikuwa mtu wa staha. Aliinama juu ya kaunta akateremsha sauti. "Mwanangu, hizo hapa hakuna. Nenda duka la dawa, kwa Zakariya. Mwambie nimekutuma mimi."

Watu wakageuza nyuso wasionekane wakicheka. Nasiha alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ataka pedi ya gemu, mzee," ilisema sauti ya kiume nyuma yake. "Ile ya kushika mikononi. Iko moja pale juu, kando ya redio."

Msemaji alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limenyooka, ananukia udi kama aliyetoka harusini. Jina lake Hussam, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini.

"Ahsante kwa kuniokoa," Nasiha alimwambia.

"Usinishukuru mapema, dada. Nami nimekuja kuchukua hiyo hiyo."

Wakatazamana, kisha wakaitazama ile pedi moja.

"Wacheza gemu gani?" aliuliza Hussam.

"Mazimwi."

"Hata mimi. Ligi ya kawaida?"

"Ligi ngumu. Nina nyota nne."

Gemu hiyo ilikuwa na jina refu la Kizungu, lakini vijana wa Bondeni waliiita Mazimwi. Huchezwa na watu wawili, kila mmoja kwao, wakisikilizana kwa hedifoni. Katika ligi ngumu zimwi hupiga maradufu. Mwenzio akianguka, duara jekundu huanza kupungua juu yake, na usipomfikia ukapiga goti kumwinua kabla duara halijaisha, nyote wawili mmepoteza nyota; mkianguka pamoja, zote zimekwenda. Hussam alikuwa na nyota moja, na hiyo aliipata kwa bahati.

"Mpe yeye, mzee," alisema. "Yangu bado yafaa. Huvuta kushoto tu." Kisha akamgeukia Nasiha. "Na mwenza wako ni nani?"

"Alikuwa binamu yangu. Amehamia Muscat, hana tena nafasi."

"Basi nichukue mimi."

"Unajua kumwinua mwenzio?"

"Nitajifunza."

Nasiha alimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi anayeapa kuwa kazi ya ziada ameisahau nyumbani. Hata hivyo akampa nambari yake ya simu.

Wakaanza kucheza kila jioni baada ya Magharibi, Nasiha nyumbani kwa shangazi yake Bondeni, Hussam kwa nyanya yake Mji wa Kale. Mwanzoni ilikuwa balaa. Shujaa wa Hussam alienda kushoto hata asipotakiwa, na akiona sanduku la hazina hulikimbilia kama mtoto aliyeona halua.

"Hussam, nimeanguka. Niinue."

"Naja, nafungua hili tu."

"Nimekufa."

"Pole. Lakini nimepata upanga."

"Nenda kauoe huo upanga."

Lakini alijifunza. Akaanza kuyaacha masanduku. Akaanza kuisikia pumzi ya Nasiha inavyobadilika kabla hajaanguka, akawa keshaanza kukimbia. Siku moja walikutana ana kwa ana kula bajia na chatini ya nazi, Hussam kavaa kanzu na kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono, Nasiha mtandio wa rangi ya zambarau. Bajia zikapoa, maneno hayakuisha. Tangu hapo simu zikawa haziishi pia.

"Mwalimu, naomba ruhusa."

"Ya nini?"

"Ya kukuwaza saa za kazi."

"Umenyimwa. Kaa chini."

Alikata simu akajikuta anatabasamu mbele ya darasa zima.

Ndipo ikafika jioni ya kupigania nyota ya tano. Nasiha alianguka karibu na lango, zimwi lenye pembe likimzunguka. "Nakuja, nuru yangu, usihofu," Hussam alisema, akikimbia. Na hapo hapo, ndani ya hedifoni, Nasiha akasikia sauti nyingine. Sauti ya msichana, laini, ya kubembeleza.

"Mume wangu, njoo basi. Chai yapoa, na mahamri nimekupikia mwenyewe."

"Naja, mpenzi," Hussam alijibu.

Nasiha akazima kila kitu. Shujaa wa Hussam alifika, akapiga goti kumwinua mtu ambaye hayupo, na zimwi likamkuta katika hali hiyo.

Alipiga simu, haikupokewa. Baadaye ukaja ujumbe mmoja: *Kunywa chai yako.*

Hussam aliusoma mara nyingi. Akaamua kwamba kosa lake ni uzito wa miguu, kwamba alichelewa kumwinua. Akajibu: *Nisamehe, kipenzi. Naahidi nitakuwa mwepesi zaidi, hutajua hata nilikuwa wapi.*

Nasiha aliposoma hayo aliona huyu mtu hana haya hata chembe. Akamfungia kwenye simu; kwenye gemu alisahau.

Wiki hiyo hiyo shangazi yake alimletea habari ya posa. Mposaji alikuwa Jamaldin, mhandisi wa Kizingo, mpole, hana ila yoyote. "Ijumaa jioni wataka jibu," shangazi alisema. Nasiha akasema vyema, watalipata. Alisema hivyo kwa sauti kavu hata shangazi akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Kwa upande wa Mji wa Kale, Hussam hali, hanywi. Nyanya yake, Bi Mwanakuu, alimhoji mpaka akaeleza: kuna mwalimu, kuna gemu, kuna kuinuana. Bi Mwanakuu hakufahamu nusu yake. Ijumaa baada ya chakula cha mchana, Hussam alipokwisha rudi kazini, bibi huyo aliketi mbele ya runinga, akavaa hedifoni za mjukuu wake, akawasha mtambo, akaanza kubonyeza amtafute huyo mwalimu.

Bondeni, Nasiha alikuwa ameingia kwenye gemu peke yake, kuyapiga mazimwi madogo ili apunguze hasira. Mwaliko ukatokea: Hussam anataka kucheza nawe. Akaukataa. Ukaja tena. Akakataa. Ukaja tena na tena. Mwisho akaukubali ili amkemee.

"Wewe una mke, wanitakia nini mimi?"

"Nani asemaye humu?" ilijibu ile sauti laini. "Ni wewe mwalimu?"

"Ni mimi. Nisamehe, dada, sikujua kuwa ameoa."

"Nani kaoa?"

"Hussam. Si mumeo?"

"Ni mume wangu, ndiyo. Nimemtia wanja mwenyewe siku aliyozaliwa."

"Umemtia wanja?"

"Mwanangu, mimi ndimi niliyemzaa mamake. Yeye ni mjukuu wangu. Wewe nyanyako hakuwa akimwita kakako mume?"

Alikuwa akimwita. Kila nyanya wa Mombasa huwaita wajukuu wake wa kiume hivyo. Ila Nasiha hakuwahi kusikia nyanya mwenye sauti ya bi harusi.

"Nambia," aliendelea Bi Mwanakuu, "huyu mwenye pembe ataka nini kwangu?"

"Ah, bibi, kimbia. Kulia."

"Hiki kitu chaenda kushoto."

Nasiha aliruka mbele yake, akapigana na zimwi kwa nguvu zake zote, akimkinga bibi aliyekuwa akigonga ukuta na kuuomba radhi. Walianguka pamoja. Nyota zote zikaenda. Nasiha alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi.

"Sasa tusipoteze muda," alisema Bi Mwanakuu. "Kwenu ni wapi, na shangazi yako apendelea chai au kahawa?"

Hussam alikuwa bandarini akibishana na dereva wa lori simu ilipolia.

"Hussam. Nimezungumza na mkeo."

"Mke yupi?"

Akamweleza. Hussam akakaa juu ya kreti, dereva akamshikia karatasi.

"Nasiha, mimi kumbe nilidhani nimechelewa kukuinua."

"Hata sasa umechelewa. Jioni hii watu wa Kizingo wataka jibu langu, na nyanyako yuko njiani kuja hapa. Wewe wasemaje?"

Hussam alitazama lori, akatazama bahari ya makontena, akainuka. "Nasema nakutaka uwe mke wangu. Kwa sauti yangu mwenyewe."

"Basi kimbia," alisema Nasiha. "Nataka wakukute hapa."

Jamaldin alipewa jibu la heshima, naye akalipokea kwa heshima. Msimu wa ligi ukaisha wale wawili wakiwa hawana hata nyota moja. Ulipofunguka mpya walikuwa wameshaoana, wameketi kochi moja, kila mtu na pedi yake. Waliingia ligi ngumu wakafa kabla zimwi la kwanza halijatoka vizuri langoni, kwa sababu hakuna aliyekuwa akitazama skrini.